Leya za usoni: ukate nywele zako, wigi au rasta?

Leya za usoni ni zile nywele za mbele zinazokatwa fupi kuliko za nyuma, zikaanzia mdomoni au kidevuni, kisha zikateremka kwa mshazari mpaka zikakutana na urefu wa mabegani na mgongoni. Mwenye nywele ndefu habadilishi urefu wake wa nyuma hata kidogo, ila uso unapata umbo: mashavu yanatokeza, shingo inaonekana ndefu, na hata ukivaa fulana na kandambili unaonekana umejipanga. Mtindo huu haufi. Mwaka 1976 bango la mwigizaji Farrah Fawcett liliuzwa Marekani nzima akiwa na nywele za mbele zilizokatwa kwa ngazi na kupeperushwa nyuma. Katikati ya miaka ya 1990 msusi Chris McMillan alimkata mwigizaji Jennifer Aniston leya ambazo wanawake wa nchi nyingi walikwenda kuziomba saluni kwa jina la Rachel, mhusika aliyekuwa akimwigiza kwenye runinga. Leo zimo kwenye simu ya karibu kila dada anayekaa kwenye kiti cha saluni na kusema, “Nataka hivi.”

Lakini wanawake hao wawili walikuwa na nywele za singa. Singa ikikatwa kidevuni inakaa kidevuni. Nywele za wengi wetu zina tabia nyingine kabisa, na picha ya simuni haisemi lolote kuhusu hilo. Ndiyo maana mteja akinionyesha picha, simuulizi kwanza anataka zianzie wapi. Namuuliza siku nyingi za mwezi kichwa chake kinakuwaje: kimesukwa, kimeachwa wazi, kina dawa ya kunyoosha, kimevaa wigi, au kiko chini ya mtandio? Jibu la hapo ndilo linaloamua mkasi uguse nini.

Rai yangu naitoa mapema. Kama sehemu kubwa ya mwaka umesuka, ziache nywele zako za mbele na uweke leya kwenye wigi. Kama unaziachia nywele zako za asili wiki nzima bila kuzisuka, kata zako, tena zikiwa kavu. Kama una dawa na nywele zako ni nzima, wewe ndiye utakayepata mtindo huu kwa kazi ndogo kuliko wote. Sasa nieleze kwa nini.

Nywele za asili zisizo na dawa

Hapa ndipo penye maneno mengi, na ndipo machozi mengi ya saluni yanapotokea.

Nywele ya kipilipili hujikunja tangu inapochomoza kichwani. Ukiivuta inafika mtulingani, ukiiachia inaruka kama springi na kurudi juu ya sikio. Kusinyaa huko kunaweza kula nusu ya urefu, na kwa wenye mkunjo mdogo sana hata robo tatu. Tena hakuwi sawa kichwa kizima: ni kawaida kabisa za mbele kuwa laini na zilizolegea, za utosini zikawa zimekaza. Sasa piga hesabu. Nywele ya mbele inayofika kidevuni ikiwa imenyooshwa ina urefu wa kama sentimita 20. Ikisinyaa nusu tu, zinabaki 10, yaani inaishia karibu na jicho. Na haiteremki, inasimama kuelekea mbele. Mteja aliyeondoka saluni Jumamosi na leya nzuri ya kidevuni anaziosha Jumatano na kukuta ana kishungi juu ya paji la uso.

Kwa hiyo kwenye nywele za asili kuna maamuzi mawili ndani ya moja: kukata au kutokata, na ukikata, zikatwe zikiwa katika hali gani.

Ukizikata zikiwa kavu na zimejikunja zenyewe, msusi anaona kila mkunjo unapoishia na kuukata peke yake. Mjini New York, msusi Lorraine Massey ni miongoni mwa waliolifanya jambo hili lijulikane kwa wenye nywele za mawimbi na mikunjo, na mantiki yake inafaa hata kwa kipilipili: kata unachokiona, si unachokidhania. Nywele zioshwe, zipakwe kinachozilainisha, zikauke zenyewe au kwa draya yenye upepo wa kadiri, zisifungwe kibanio wala kupakwa mafuta mazito kabla ya kufika saluni. Umbo linalotoka linapendeza ukiziachia au ukifumua twisti. Hasara yake itaonekana siku utakayozinyoosha kwa pasi ya nywele: ncha zitakuwa na meno meno, moja juu nyingine chini, kwa sababu kila mkunjo ulikatwa kwa mahali pake na si kwa mstari.

Ukizikata zikiwa zimenyooshwa kwa draya na pasi, mambo yanageuka. Mstari unatoka safi, mshazari unaonekana, picha inafanana na ile ya simuni. Ukiosha, umbo linapotea, na pengine upande mmoja unaruka juu kuliko mwingine. Njia hii inamfaa mtu ambaye kweli ananyoosha nywele zake karibu kila wiki na anajua gharama yake. Pasi nyingi za nywele zinafika nyuzi 230 za Selsiasi. Nywele za mbele ni nyembamba, na ukiwa na leya ndizo utakazozipitishia pasi kila asubuhi hata kama za nyuma umeziacha. Baada ya miezi michache zinakataa kujikunja. Mtu anadhani zimekuwa laini, kumbe zimeungua. Kama ni lazima unyooshe, shusha moto hadi karibu 180, pitisha mara moja, na weka kinga ya joto kwanza.

Kuna njia ya tatu ambayo siifanyi na sikushauri uikubali: kukata kipilipili kikiwa kimelowa. Nywele iliyolowa hurefuka na kulegea, kisha ikikauka inapanda. Kwa singa tofauti ni ndogo. Kwa mkunjo wa kwetu ni kubwa mno, hata msusi mzuri anakisia tu.

Ukanda unaoishi nao una neno lake. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, unyevu wa hewa unazirudisha nywele zilizonyooshwa kabla jua halijazama, na msimu wa masika hata kabla hujafika kazini. Nairobi, Arusha au Iringa, pasi ile ile inaweza kukaa siku kadhaa. Dada wa pwani anayekata leya akitegemea pasi anajipa kazi ya kila siku. Kwake mimi napendekeza uzi. Bibi zetu walinyoosha nywele kwa kuzizungushia uzi toka shinani mpaka nchani, bila moto wowote, na kwa leya za mbele hakuna kitu kizuri kuliko hicho: zungushia uzi usiku mafungu mawili au matatu ya kila upande, lala, asubuhi fumua. Zinashuka na kuinama nchani bila kuungua.

Kisha kuna suala la kusuka, ambalo wanaouza picha hawalisemi. Leya ya sentimita 10 au 12 mbele ya kichwa haiingii vizuri kwenye mistari. Inachomoka. Msusi ataongeza jeli na kukaza zaidi ili aikamate, na kukaza huko kunaanguka pale pale penye nywele dhaifu kuliko zote, kwenye paji la uso na mbele ya masikio. Wapo wengi tayari waliopoteza nywele za hapo kwa rasta nzito. Kama ni wewe, usikate leya sasa. Leya zinahitaji ujazo, na ukipunguza palipo pembamba panakuwa pembamba zaidi. Acha kwanza kusuka kwa kukaza, zirudi, halafu tuzungumze.

Na kurudi nyuma kunachukua muda. Nywele zenye mkunjo mkali hukua kama sentimita 0.8 kwa mwezi, singa kama 1.2. Ukiwa na nywele za mbele za sentimita 30 ukazikata zikabaki 15, mwenye kipilipili anasubiri karibu mwaka mmoja na nusu kuufikia urefu wa zamani, mwenye singa kama mwaka mmoja, na hapo hatujahesabu ncha zinazokatika njiani. Siyo sababu ya kuogopa, ila ni sababu ya kuanza na leya ndefu na kuifupisha baadaye.

Nywele zenye dawa

Dawa inavunja vifungo vya salfa vinavyoipa nywele mkunjo wake, na vikishavunjika havirudi. Kwa mtindo huu hiyo ni faida kubwa: leya inakaa pale mkasi ulipoiacha, hesabu ya kusinyaa haipo, na rola nne kubwa mbele pamoja na nusu saa ya draya zinakupa ule mpeperuko wa kwenye picha. Usiku unazizungushia kichwa na kufunga kilemba cha satini, asubuhi unafungua na kuchana. Ukiziweka nywele za asili na zenye dawa kwenye mizani, kwa urahisi wa kila siku dawa inashinda waziwazi.

Kwa uimara inashindwa. Nywele zilizokatwa sawa zinalindana ncha kwa ncha. Zilizokatwa leya, kila fungu linakaa na ncha zake wazi, zinasuguana na kola ya shati, mkanda wa pochi, mto usio na satini. Za mbele ndizo zinazoiva haraka dawa inapopakwa, na wasusi wengi wanaanza kupaka mbele kwa sababu ndiko mteja anakotazama. Mwambie wako aanzie nyuma, mbele pawe mwisho. Na ikifika wiki ya sita au ya saba, maotea yanasukuma leya kutoka usoni: shina linasimama, ncha zinaning'inia, na mtindo unaonekana umechoka ingawa haujaharibika. Vumilia kwa rola. Usirudie dawa kabla ya wiki ya nane kwa ajili ya leya tu.

Napendelea kukata wiki moja au mbili baada ya dawa. Siku ya dawa yenyewe hujajua nywele zipi zitakatika zenyewe, na ukikata hapo hapo unaweza kukata mara mbili bila kukusudia.

Kwa anayeziachisha nywele dawa polepole, nina onyo. Wengine hufikiri leya za mbele ni namna nzuri ya kuondoa dawa kidogo kidogo. Kinachotokea ni kwamba mbele panakuwa kipilipili kilichosinyaa huku nyuma pakiwa pamelala bapa, na hakuna kitana kinachoweza kupatanisha hizo mbili. Punguza ncha kichwa kizima kwa usawa, leya zije baadaye.

Wigi

Wigi linakupa leya bila kugusa hata unywele mmoja wa kwako. Kwa dada anayesuka mistari ndani na kuvaa wigi juu, ambaye kwenye saluni nyingi za mjini ndiye mteja wa kila siku, sioni hoja ya kukata nywele zake. Zake zinapumzika, zinakua, na mtindo anauvua usiku.

Ila wigi halioti. Kosa la sentimita mbili kwenye kichwa chako linasahaulika baada ya miezi mitatu. Kwenye wigi linakaa milele, na wigi la nywele za binadamu ni fedha nyingi. Kwa hiyo likatwe likiwa kichwani kwako, limefungwa kama unavyolivaa, njia inayogawa nywele ikiwa pale unapoipenda. Likikatwa kwenye kichwa cha plastiki, paji la uso la plastiki si lako wala mashavu yake si yako. Msusi aanze chini ya mtulinga, apande kidogo kidogo, nawe ukijiangalia ukiwa umekaa na umesimama.

Aina ya wigi inabadilisha jibu. Lenye kipande kidogo cha lesi utosini lina njia moja tu, mara nyingi ya katikati, na leya zake zikatwe kwa njia hiyo hiyo pande zote mbili sawa. Lenye lesi kutoka sikio hadi sikio unaweza kuhamisha njia pembeni, lakini leya zilizokatwa kwa njia ya katikati zitakuwa na upande mrefu na upande mfupi ukihama. Chagua njia kwanza. Nywele za binadamu zinakubali rola na pasi, kwa hiyo leya zake zinapinda kuelekea usoni au kwenda nyuma kama unavyotaka. Nyuzi za plastiki zikikatwa zinasimama kwa ukavu, na kama hazikutengenezwa kuvumilia joto, pasi inaziyeyusha. Ukinunua la plastiki, nunua lililokwisha kukatwa leya kiwandani. Usilipe msusi akukatie.

Ujazo nao uangaliwe. Mawigi mengi yana nywele nyingi na nzito kuliko za kichwa cha kawaida, na leya kwenye uzito huo zinatoka kama ngazi za ghorofa. Mkasi uingizwe kwa ncha, wima, kupunguza uzito mbele kabla ya kuchora mshazari. Na kama unabandika lesi kwa gundi, faida yote ya kuzilinda nywele zako inaliwa na gundi hiyo kwenye paji la uso. Mkanda wa mpira ndani ya wigi unatosha.

Rasta

Zipo rasta zinazosukwa kwa leya, na napenda kuona zinavyoongezeka. Hazikatwi baadaye, msusi anapanga urefu wa nywele za kuongezea tangu mwanzo, za mbele fupi, za nyuma ndefu, kisha ncha zinachovywa kwenye maji ya moto. Ukikata rasta zilizokwisha kusukwa bila kupanga, ncha zinakuwa nene na zinafumuka. Faida kubwa kuliko uzuri ni uzito: rasta fupi mbele ni nyepesi, na paji la uso linashukuru. Kwa mwenye nywele za mbele dhaifu, hizi zinashinda rasta za kiunoni zenye urefu mmoja.

Singa, na kichwa kinachofunikwa

Unguja, Lamu, Mombasa, na kwa ndugu zetu walioko Maskati na Dubai, wako wengi wenye nywele za singa au za mawimbi mapana, na wengi wao wanafunika kichwa wakitoka. Kwao kukata si kugumu: singa zinaweza kukatwa zikiwa zimelowa kidogo, na hata msusi wa kawaida anatoa mstari mzuri. Ugumu uko kwenye mtandio. Leya inayoanzia shavuni haifiki kwenye kifundo cha nyuma, inateleza mbele, inatokeza kwenye paji, na mtu anashinda siku nzima akiisukuma ndani kwa kidole. Ukivaa mtandio kila siku, leya ya kwanza isiwe juu ya kidevu, na kabla mkasi haujagusa kitu zifunge nywele zako nyuma uone ni urefu gani unaofika kwenye kibanio. Kama unataka fupi zaidi kwa ajili ya shughuli, hasa ile ya wanawake watupu ambako kila mtu anafunua kichwa na nywele ndizo zinazotazamwa, vipande vya nywele vya kubana vinafanya kazi hiyo kwa usiku mmoja.

Bibi harusi akate wiki tatu kabla. Nywele zilizokatwa jana zina ukali fulani nchani ambao hauendi na asumini.

Zianzie wapi?

Unywele mfupi kuliko wote ndio unaoelekeza jicho. Ukiishia kwenye mfupa wa shavu, uso unaonekana mpana pale, jambo zuri kwa uso mrefu mwembamba na gumu kwa mwenye mashavu yaliyojaa. Mwenye miwani asiende huko: nywele zinagongana na fremu, na mafuta yanahamia kwenye kioo. Mdomoni ni pazuri kwa njia ya pembeni. Kidevuni ndipo ninapowapeleka wengi, kwa sababu zinafungika nyuma, zinakaa nyuma ya sikio, na zikisinyaa kidogo bado zina pa kwenda. Mtulingani ni kwa mwoga na kwa mwenye wigi la mara ya kwanza. Mabadiliko ni madogo, lakini kuna nafasi ya kufupisha.

Jambo la joto lisisahaulike. Nywele zinazogusa uso mchana wa Dar es Salaam zinashika jasho, na mafuta ya nywele yakishuka kwenye mashavu na karibu na masikio yanaleta vipele vidogo vidogo ambavyo watu huvitibu kwa sabuni za uso bila mafanikio. Ukishakata leya, mafuta yaishie nyuma ya masikio. Mbele tumia tone tu, nchani.

Ukikaa kwenye kiti

Peleka picha ya mtu mwenye nywele kama zako. Kama nywele zako ni kipilipili, tafuta kipilipili, tena katika hali utakayokuwa nayo siku nyingi. Mwonyeshe msusi kwa kidole unywele wa kwanza uanzie wapi, usiseme “fupi kidogo,” kwa sababu kidogo cha kila mtu ni chake. Muulize atachukua upana gani: fungu la mbele linaanzia sentimita tatu au nne nyuma ya paji la uso na kuishia mbele ya sikio, na akipita nyuma ya sikio anakukata kichwa kizima, mtindo ambao ni mwingine. Akishika wembe na nywele zako ni za mikunjo, mwombe abadilishe achukue mkasi, kwani wembe unazichana ncha na kuzifanya zipasuke mapema. Kama ni saluni ya wasusi wa rasta tu, ambao mkasi wao unakata nyuzi za plastiki mchana kutwa, usiwakabidhi nywele zako hata wakiwa marafiki. Mkasi uliokwisha makali unatafuna ncha.

Akate upande mmoja, usimame, utingishe kichwa, uzifunge nyuma, uzifungue tena. Ukiridhika ndipo aende upande wa pili.